Foili Chini ya Mabati: Nafasi ya Hewa Kwanza, Roli Baadaye

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zinaposhika, watu wa Mtwara na Lindi ninaowasimamia ujenzi huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: ile foili, karatasi ya alumini inayong'aa inayotandazwa chini ya mabati, inafaa kweli, na kama inafaa, wanunue ipi? Ni swali la haki. Miji yetu iko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Februari huja na mawingu na mvua za kupunguza makali. Oktoba huja na anga jeupe, korosho zinaanza kuingia maghalani, na nyumba ya bati isiyo na kinga haikaliki kuanzia saa sita mchana. Mtu aliyehama kutoka paa la makuti amepata paa lisiloshika moto kirahisi na lisilohitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, lakini amepoteza kivuli kinene ambacho makuti yalimpa bila kumdai chochote.

Jibu langu ni kwamba foili inafaa sana, na kwa bei yake sioni kihami joto kingine kinachoifikia katika pwani hii. Hata hivyo haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na hewa iliyo mbele ya uso wake, na anayenunua roli kabla hajajua nafasi hiyo ya hewa itapatikana wapi, anaweza kutumia fedha nyingi akabaki na joto lake lile lile.

Sababu yake iko katika namna joto linavyosafiri kutoka kwenye bati hadi kwa mtu aliyeketi chini yake. Bati lililopigwa na jua la mchana hufikia nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, hasa likiwa la rangi iliyokolea kama kahawia au buluu. Joto hilo lina njia tatu za kushuka: kwa vitu kugusana, kwa hewa inayozunguka, na kwa mnururisho, yaani mawimbi yasiyoonekana yanayotolewa na kila kitu chenye joto. Kugusana hakuna nguvu kubwa, maana dari haigusi bati. Hewa nayo haisaidii joto kushuka, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Ndani ya paa sehemu ya moto iko juu tayari, hivyo hewa hutulia mahali pake. Unabaki mnururisho, na huo ndio unaobeba sehemu kubwa kabisa ya joto linalotushukia mchana.

Uwezo wa uso wowote kutoa mnururisho hupimwa kwa kitu kinachoitwa emisiviti, kuanzia 0 hadi 1. Rangi ya mafuta, mbao, saruji, jipsamu, plastiki na hata ngozi ya binadamu zote zinakaribia 0.9. Alumini safi iko kati ya 0.03 na 0.05. Tukichukua hesabu ya darasani, bati lililopakwa rangi lenye nyuzi 65 likitazamana na dari ya kawaida yenye nyuzi 35, kila mita ya mraba hupitisha wati zipatazo 190 kwa mnururisho. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinapokea hivyo zaidi ya wati 2,200, sawa na kuwasha pasi mbili za umeme juu ya dari na kuziacha hapo mchana kutwa. Ugeuze uso mmoja tu kati ya hizo mbili uwe wa alumini safi, na zile wati 190 hushuka hadi 11 au 12. Nyumba halisi haitoi matokeo safi kiasi hicho, kwa sababu kuna viungo, matundu, vumbi na mbao zinazopitisha joto, lakini tofauti ni kubwa mno hata baada ya kuondoa hayo yote.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani ni kwamba alumini hufanya kazi hiyo ikitazama upande wowote, ilimradi inatazama hewa. Ikitazama juu, hurudisha mawimbi yanayotoka kwenye bati. Ikitazama chini, yenyewe hupata moto lakini hainururishi joto hilo kuja kwetu, isipokuwa sehemu ndogo sana. Ndiyo maana foili iliyoshikana na bati kwa juu bado inaweza kusaidia, kama uso wake wa chini ni alumini na una hewa mbele yake. Kinachoiua ni kubanwa pande zote mbili. Alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto vizuri sana kwa kugusana, na foili iliyowekwa kati ya bati na ubao bila nafasi huwa daraja la joto. Nafasi ya milimita 25 ndiyo ya chini ninayoikubali, na ya milimita 100 au zaidi ndiyo ninayoipenda.

Sasa tuje kwenye roli zenyewe. Madukani utakutana na foili nyembamba iliyobandikwa juu ya turubai la plastiki lililofumwa au juu ya karatasi ngumu. Utakutana na ile yenye vipovu vya hewa katikati, kwa kawaida unene wa milimita 4 hivi. Na utakutana na ile yenye foamu ya milimita 5 mpaka 10. Wauzaji wengi hupanga bei kwa unene, na mnunuzi naye hubonyeza vipovu kwa vidole akaamini kwamba ananunua ulinzi mwingi zaidi. Kwa nyumba yenye dari na nafasi ya kutosha ndani ya paa, imani hiyo haina msingi. Milimita 4 za vipovu huongeza ukinzani wa joto unaokaribia 0.1 kwa vipimo vya kimataifa, wakati nafasi ya hewa ya milimita 100 inayotazamana na alumini safi, joto likiwa linashuka, hutoa karibu 1.4. Kazi imefanywa na uso na hewa, na vipovu vimechangia kidogo sana. Mwenye nyumba ya namna hiyo ningemshauri anunue foili ya turubai iliyofumwa, yenye alumini pande zote mbili, na fedha inayobaki aitumie kwenye ufungaji mzuri.

Foamu ina mahali pake. Banda la fremu za chuma lisilo na dari, ambamo foili italala juu ya papi (zile fito zinazobeba mabati) na kugusa mabati sehemu nyingi, hupata faida halisi kutokana na ile foamu ya milimita 10, kwa sababu hukata joto la kugusana, hupunguza kidogo kelele za mvua, na husaidia sana kuzuia umande ambao nitaueleza baadaye. Ni vizuri kujua pia kwamba foamu na vipovu ni plastiki inayoungua na kudondoka ikiwaka, kwa hiyo sehemu ya jikoni inayotumia kuni au mkaa haifai kuwekewa.

Kuna roli ambazo upande mmoja ni wa fedha na mwingine ni plastiki nyeupe, na hizi ndizo zinazoleta makosa mengi katika mitaa yetu. Weupe unapendeza, hivyo mafundi huugeuza chini ili anayeangalia juu aone paa safi, na upande wa fedha hubanwa dhidi ya bati. Plastiki nyeupe ina emisiviti ya 0.9 sawa na ubao. Kwa joto la mnururisho, ni kama hakuna alumini kabisa. Nilikuwa kwenye nyumba moja ya zamani huko Chikongola, Mtwara, wakati suala hili lilipojadiliwa kati ya mwenye nyumba, mama mtu mzima anayeishi na mjukuu mchanga, na fundi kijana aliyekuja kufunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta na ngazi?"

"Nimeleta. Mama, naona huu weupe tuuweke chini, chumba kitang'aa."

"Dari si inakuja kufunika? Wageni wangu hawafiki huko juu. Weka upande utakaomsaidia mtoto huyu kulala mchana."

Fundi hakubisha. Alikata kipande chenye urefu wa mkono, akapanda, akakishikilia chini ya bati kwa upana wa kiganja, upande wa fedha ukitazama chini. Mama naye akapanda vidaraja vitatu, akainua mkono wazi na kuupitisha taratibu kutoka eneo lisilo na kitu hadi chini ya kile kipande. Mpaka wenyewe unausikia kwenye ngozi: upande mmoja joto linakupiga kama limeelekezwa kwako, upande wa pili linaondoka mara moja, ingawa hewa ni ile ile. Kisha fundi akakigeuza, weupe chini, akakibana kwenye bati mpaka kikapata moto. Mama alirudisha mkono, akautoa, akasema, "Basi, nimeona. Hivyo hivyo upande wa fedha." Jaribio hilo halihitaji mtaalamu wala umeme, na kila mnunuzi anaweza kulifanya kwa kipande kidogo kabla ya kulipia roli zima.

Nashauri lifanywe hasa kwa kuwa macho hayatoshi. Mng'ao tunaouona ni wa mwanga, na joto la bati husafiri kwa mawimbi marefu zaidi ambayo jicho haliyaoni. Kitu kinaweza kung'aa machoni na kisizuie joto. Baadhi ya roli hazina foili halisi bali plastiki iliyopuliziwa utando wa alumini mwembamba kuliko kitu chochote tunachoweza kukipima kwa mkono, na nyingine utando huo umefunikwa na plastiki nyingine juu, ambayo yenyewe hunyonya joto na kulitoa tena. Ukiinua sampuli mbele ya taa kali, foili halisi haipitishi mwanga isipokuwa vitundu vidogo sana, wakati plastiki iliyopuliziwa huonyesha umbo la taa nyuma yake. Ukiikunja kwa kidole, foili hubaki na mkunjo na plastiki hujirudi. Ile iliyopuliziwa si bure kabisa, lakini katika hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani utando wake huchakaa mapema, na sioni sababu ya kuilipia bei ya foili.

Muuzaji akikuelekezea foili kwa kipimajoto cha bastola, kile kinachosoma kwa mbali, usiamini namba inayotokea. Kifaa hicho husoma mnururisho, na kimetengenezwa kikidhani kwamba uso unaopimwa una emisiviti karibu na 0.95. Kikielekezwa kwenye alumini husoma zaidi taswira ya vitu vilivyo mbele yake, pamoja na sakafu na mwili wa muuzaji mwenyewe, na hutoa nyuzi 30 hata kama foili ina nyuzi 60. Mwombe abandike kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme juu ya foili, asubiri kidogo, kisha apime pale kwenye utepe. La maana zaidi ni kuomba karatasi ya vipimo vya maabara inayoonyesha emisiviti ya kila upande na tabia ya bidhaa kwenye moto. Bidhaa nyingi zinazostahili jina la kizuizi cha mnururisho zimepimwa, na kiwango cha Marekani kinataka emisiviti isiyozidi 0.10. Duka lisilo na karatasi hiyo linauza matumaini.

Kwa nyumba mpya, wakati mzuri wa kufunga ni baada ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kusimama na kabla ya papi kupigiliwa. Foili hulazwa juu ya kenchi, ikiachwa ilegee kidogo kati ya mbao moja na nyingine, kisha papi hupigiliwa juu yake na mabati yakafuata; unene wa papi na ule ulegevu ndio huleta nafasi ya hewa kwa juu, na chini inabaki hewa yote ya ndani ya paa. Vipande vipishane kwa milimita 100 hadi 150, kipande cha juu kikilala juu ya cha chini ili maji yakipenya yaelekee nje, na viungo vifungwe kwa mkanda wa alumini, maana selotepu ya kawaida huachia msimu wa kwanza wa joto. Kwa nyumba ambayo imekwisha kuezekwa, hakuna haja ya kung'oa mabati. Foili hupigwa chini ya mbao za mteremko za kenchi, upande wa fedha ukitazama chini, na karibu na kofia ya paa huachwa mwanya ili hewa ya moto iliyo juu yake itoke, na ukingoni huachwa mwanya mwingine ili hewa ya nje iingie.

Sipendi foili itandazwe juu ya dari ikitazama juu, ingawa ndiyo njia rahisi. Vumbi hutua juu yake, na vumbi lina emisiviti kama ya udongo. Baada ya misimu michache unabaki na shuka la vumbi lililowekewa alumini chini. Uso unaotazama chini haushiki vumbi. Kwa pwani yetu, ambako upepo wa kusi hupeperusha mchanga mwembamba, na kwa maghala ambako magunia ya korosho hutoa vumbi lake kila yanapohamishwa, hili si jambo dogo.

Nikiwa kwenye maghala, niseme habari ya umande, kwa sababu huko hasara yake huonekana kwenye mfuko wa mkulima. Usiku wenye anga safi, bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na ule uliomo ndani ya ghala hugeuka matone kwenye uso wa chini wa bati, kisha hudondoka. Chini yake kuna magunia ya wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, yakisubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na korosho ghafi iliyolowa huota ukungu na kushuka daraja. Foili iliyofungwa vizuri hutenganisha hewa yenye unyevu na bati la baridi, na matone yanayotokea juu yake huteremka hadi ukingoni badala ya kuangukia magunia. Kwa kazi hii foili isiwe na matundu, viungo vyote vifungwe, na chini yake uwekwe waya wa kuku uliokazwa kati ya papi ili isilegee ikafanya mifuko ya maji. Kiongozi wa chama anayepanga kujenga ghala aihesabu foili hii tangu mwanzo pamoja na gharama za paa, kwa kuwa kuifunga baadaye juu ya magunia ni taabu kubwa.

Alumini ina maadui ambao mafundi wetu hukutana nao kila siku. Saruji mbichi na chokaa huila, kwa hiyo foili isiguse ukuta uliopigwa plasta kabla haujakauka. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zile zenye rangi ya kijani, huichubua zikiwa na unyevu. Ziachwe zikauke kabisa, au itumike foili yenye utando mwembamba wa kinga. Kati ya alumini na mabati ya zinki hakuna ugomvi mkubwa, ila pini na misumari iwe ya zinki au ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari huila pini ya kawaida, na foili huanguka ikiwa bado nzima.

Hatari ya umeme naisema kwa uzito wote. Foili hupitisha umeme. Nchini Australia, mpango wa serikali wa kuweka vihami joto majumbani ulisababisha vifo vya mafundi vijana wanne katika miaka ya 2009 na 2010, watatu kati yao kwa kupigwa na umeme. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakifunga foili kwa pini za chuma. Serikali ikakataza pini za chuma kwenye foili, kisha Februari 2010 ikasitisha mpango mzima. Nyumba zetu nyingi nyaya hulala wazi juu ya dari, zimeungwa kwa utepe, na chache zimepimwa tangu zilipofungwa. Kabla ya fundi kupanda, swichi kuu izimwe. Si taa za chumba, swichi kuu. Nyaya zote ziingizwe kwenye mabomba ya plastiki na zishikizwe mbali na foili, na fundi umeme azikague kwanza, hata kama hilo litaongeza siku na gharama. Sitakubali kijana wa watu apande juu ya dari kwa ajili ya ubaridi wa sebule wakati nyaya zina umeme.

Usiku foili haina msaada mkubwa, na tusiidai zaidi ya uwezo wake. Bati hupoa haraka jua likizama, na foili iliyo chini yake hupunguza kidogo kasi ya nyumba kupoa kwa kupitia paa. Nyumba yenye madirisha ya kupokea upepo pande mbili haitaona tofauti. Nyumba iliyofungwa madirisha kwa hofu ya wezi na mbu itaiona. Nyavu imara na nondo zinazoruhusu dirisha kubaki wazi ni sehemu ya kazi hii hii ya kuzuia joto.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu. Anayenunua mabati mapya achague ya rangi nyepesi au aluzinki (yenye utando wa alumini na zinki) isiyopakwa rangi, maana joto ambalo bati halikulinyonya halihitaji foili ya kulizuia. Kisha afungue matundu ya hewa kwenye pembe za ukuta chini ya kofia, akiyawekea wavu wa popo. Baada ya hapo ndipo anunue foili, na kama haitoshi nyumba nzima, aanze na chumba wanacholala watoto mchana na sebule, akifunga vyumba hivyo kikamilifu mpaka kwenye kuta, badala ya kuitawanya nusu nusu nyumba nzima. Vyumba vingine vitafuata msimu ujao wa korosho, na wakati huo atakuwa amepitisha Oktoba moja akiwa na vyumba viwili vya kulinganisha, fundi wake akiwa ameshajua kazi.